Nani aliileta raga Samoa, na gongo la kilikiti linachongwaje?

*"Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya Kikatoliki. Oktoba, mwezi wa misioni, kila kidato kimepewa nchi moja ya kuonyesha, na sisi tumepangiwa Samoa. Nimeandika bango lisemalo: 'Wamisionari Wakatoliki, wakiongozwa na Mtakatifu Petro Chanel, walileta raga Samoa mwaka 1845 ili vijana waache vita. Leo taifa hilo la Kikatoliki ni mabingwa wa raga.' Mwenzangu wa historia amelisoma akacheka, akasema lina makosa, ila hakusema yapi. Pia tunataka wanafunzi wapatao 40 wacheze kilikiti, yaani kriketi ya Kisamoa. Seremala wetu ana mbao za paini na za mgrivea. Ninaogopa mambo mawili: kusema uongo mbele ya wazazi na Askofu, na kumuumiza mtoto wa mtu. Gongo linachongwaje, mpira unatengenezwaje, na je, ni sawa kuuita mchezo wa wamisionari?"*

Mwalimu, hofu zako zote mbili ni za haki, na bahati nzuri zote mbili zinatibika kabla ya Oktoba. Mwenzako wa historia hakukuonea. Bango lako lina sentensi mbili tu, lakini nimehesabu makosa matano: mtakatifu si wa kisiwa hicho, mwaka si wa mchezo huo, vita vilishakwisha, taifa si la Kikatoliki kwa namna unayoisema, na ubingwa umetiwa chumvi. Hata hivyo kuna ukweli mkubwa umejificha humo, nao ni kwamba Wamaristi, watawa wa Kikatoliki wenye asili ya Ufaransa, kweli waliileta raga Samoa. Ila ni Wamaristi wengine, si wa shirika la Chanel, na walichelewa miaka 75.

Tuanze na Petro Chanel. Huyu ni padri Mfaransa aliyeteremka kisiwa cha Futuna mnamo Novemba 1837, akauawa kwa shoka tarehe 28 Aprili 1841. Aliyewaongoza wauaji ni Musumusu, mkwe wa mfalme Niuliki, na kilichowasha moto ni kwamba Meitala, mtoto wa mfalme mwenyewe, alitaka kubatizwa. Chanel alitangazwa mtakatifu mwaka 1954, naye ni msimamizi wa Oseania yote, ndiyo maana watu humhusisha na kila kisiwa cha huko. Lakini Futuna iko kama kilomita 600 magharibi ya Samoa, na leo ni sehemu ya eneo la Ufaransa liitwalo Wallis na Futuna. Chanel hakuongoza misheni ya Samoa. Misheni hiyo ilianza miaka minne baada ya yeye kufa.

Mapadri wa kwanza kuishi Samoa walikuwa Gilbert Roudaire na Théodore Violette, nao walitumwa kutoka Wallis na Askofu Pierre Bataillon. Walifika mwaka 1845 katika kisiwa cha Savai'i, wakaweka makao Lealatele, kijiji cha pwani ya kaskazini. Kwa hiyo mwaka 1845 uliouandika ni mwaka wa kweli, ila ni mwaka wa dini, si wa mpira. Na angalia jinsi tarehe zinavyogongana: ni mwaka huohuo wa 1845, mwezi Agosti, wanafunzi wa shule ya Rugby kule Uingereza walipoandika kanuni za mchezo wao kwa mara ya kwanza. Raga ilikuwa bado haijatoka nje ya uzio wa shule moja. Mapadri wawili wa Kifaransa waliokuwa baharini upande wa pili wa dunia wangeijulia wapi?

Nao hawakukuta uwanja mtupu. John Williams, wa Chama cha Kimisionari cha London, alikuwa amefika Sapapali'i, hukohuko Savai'i, mwaka 1830, na Wamethodisti walikuwa wameingia kupitia Tonga hata kabla yake. Mapadri wakaanza wakiwa wageni wa tatu mlangoni. Baadhi ya machifu waliwapokea, hasa wa ukoo wa Mata'afa, na Mata'afa Iosefo, aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa nchi na kufariki mwaka 1912, alikuwa Mkatoliki. Lakini mpaka leo Wakatoliki wa Samoa ni kama mtu mmoja kati ya watano, na kanisa kubwa kuliko yote ni la Wakongregasheni, waliotokana na wale wa London. Ukiandika "taifa la Kikatoliki" unawafuta wanne kati ya watano, wengi wao wakiwa haohao wanaocheza raga. Ukitaka fahari ya Kikatoliki kwenye bango, ipo ya kweli: Pio Taofinu'u, mtoto wa Savai'i, alifanywa kardinali mwaka 1973, wa kwanza katika watu wote wa Polinesia. Wasomaji wa huku wataelewa uzito wake mara moja ukiwakumbusha Laurean Rugambwa wa Bukoba, kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960.

Sasa tuje penye fundo lenyewe, ambalo huwachanganya hata mapadri. Neno "Maristi" linabeba mashirika mawili. Yote yana shina moja: mapadri vijana na waseminari 12 waliapa pamoja mbele ya Bikira Maria huko Fourvière, Lyon, tarehe 23 Julai 1816. Kutoka kundi hilo likakua Shirika la Maria, la mapadri, chini ya Jean-Claude Colin. Roma ililikubali mwaka 1836, katika mwaka uleule uliolikabidhi misheni za Pasifiki ya magharibi. Chanel, Bataillon, Roudaire na Violette ni wa huko. Mmoja wa wale 12, Marcellin Champagnat, alianzisha shirika jingine tarehe 2 Januari 1817 katika kijiji cha La Valla. Hilo ni la mabruda walimu, watu wasiopewa upadri, ambao kazi yao ni darasa na watoto. Mapadri waliandamana na mabruda wachache tangu safari za mwanzo, na hapo ndipo kuchanganyikiwa kunapoanzia, lakini shule za Apia ni habari ya mabruda wa Champagnat, na waliweka mizizi huko tangu mwaka 1888.

Kwa nini basi wasilete raga mwaka huo wa 1888? Kwa sababu mchezo hufuata watu na utawala. Mwaka 1900 Samoa ya magharibi ikawa koloni la Wajerumani, ambao raga haikuwa yao. Tarehe 29 Agosti 1914 wanajeshi wa New Zealand waliteremka Apia wakaitwaa bila kufyatua risasi, na kuanzia hapo New Zealand ndiyo iliyotawala, na mabruda wa New Zealand wakawa na njia iliyonyooka ya kufika Apia. Na kule kwao raga ilikuwa na kazi ya pekee. Wakatoliki walikuwa wachache, wengi wenye asili ya Ireland, wakitazamwa kwa jicho la pembeni, na timu ya shule ya mabruda iliyowafunga wakubwa wa mji Jumamosi ilisema jambo ambalo mahubiri hayakuweza kulisema. Klabu ya wanafunzi wa zamani wa mabruda kule Auckland ilianzishwa mwaka 1908. Bruda wa aina hiyo akihamishiwa Apia, mpira unakwenda naye.

Raga inahesabiwa kuingia Samoa kupitia mabruda hao mwaka 1920. Usiupite mwaka huo haraka. Novemba 1918 meli ya Talune, iliyotoka Auckland, iliruhusiwa kutia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa homa kali ya mafua, na katika majuma machache zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amekufa. Wavulana waliofundishwa kukimbia na mpira wa yai mwaka 1920 walikuwa watoto wa nyumba zilizofiwa. Sisemi mchezo ulikuwa dawa. Nasema tu kwamba bango linalodai raga ililetwa "ili vijana waache vita" linakosea msiba: vita vya kugombea ufalme vilikoma mwaka 1899, miaka 21 nyuma. Kidonda cha 1920 kilikuwa kingine kabisa.

Miaka minne baadaye, 1924, chama cha raga cha Samoa ya Magharibi kiliundwa, na tarehe 18 Agosti mwaka huo timu ikacheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa dhidi ya Fiji, hapohapo Apia. Hii ndiyo picha ambayo ningeiweka katikati ya bango lako, kubwa. Mechi ilianza saa 1 asubuhi ili wachezaji wa Samoa wawahi kazini baadaye, na katikati ya uwanja, kwenye mstari wa nusu, palisimama mti mkubwa. Hawakuukata. Waliuzunguka. Fiji walishinda 6–0, wakati ule trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ikiwa na pointi 3 na si 5 za sasa. Fiji walikuwa njiani kwenda Tonga, na waliporudi wakapita tena Apia, Samoa wakawalipa 9–3. Kutoka mti ule hadi Cardiff, tarehe 6 Oktoba 1991, ambapo Samoa ya Magharibi iliifunga Wales 16–13 katika Kombe la Dunia, ni miaka 67. Kombe la kwanza, la 1987, walikuwa hata hawakualikwa. Kwa hiyo neno "mabingwa" nalo lipunguze: kombe hilo la wachezaji 15 Samoa haijawahi kulibeba. Ilichobeba ni taji la msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba, msimu wa 2009–10.

Na angalizo dogo: nchi unayoizungumzia ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962 ikiitwa Samoa ya Magharibi, ikabadili jina kuwa Samoa mwaka 1997. Samoa ya Marekani ni eneo jingine, na huko vijana hucheza zaidi mpira wa Kimarekani. Kagua bendera kabla ya kuichapa.

Nikija kwenye kilikiti, hapa jibu langu litakukata maini kidogo. Ukitaka kuuita mchezo wa wamisionari, sawa, lakini si wa wamisionari wako. Jina lenyewe ni kriketi iliyotamkwa kwa ulimi wa Kisamoa, na ililetwa na Waingereza: simulizi iliyozoeleka huwapa sifa watu wa Chama cha London, na wengine hutaja mabaharia wa meli za kivita na watumishi wa ubalozi wa Kiingereza mjini Apia. Mimi naona hakuna haja ya kuchagua mmoja. Wote walikuwepo.

Lililo muhimu zaidi ni kilichotokea baada ya Wasamoa kuichukua. Waliitia ndani ya desturi yao ya malaga, ambapo kijiji kizima hufunga safari kutembelea kijiji kingine, nao wenyeji hulazimika kuwalisha na kuwaimbia. Badala ya wachezaji 11 wakacheza wote waliokuja, wanaume na wanawake. Mechi ikachukua siku. Mashamba yakasinzia. Watawala wa karne ya 19, Samoa na Tonga pia, walifikia kutoa amri za kuibana kriketi kwa sababu watu hawafanyi kazi. Kwa hiyo dhana ya kwamba wageni walileta michezo na wenyeji wakaipokea kwa adabu haisimami. Ilipokelewa, ikageuzwa, hadi wenye mamlaka wakajuta. Wakati huohuo kuna mengine yaliyopigwa vita na wamisionari wa madhehebu yote, hasa ngoma za usiku za poula. Ukiwa na nafasi ya mstari mmoja, litaje hilo. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kubeba ukweli kwamba misheni ilitoa na ilinyang'anya.

Bango basi ningeliandika hivi: "Mapadri Wamaristi walifika Samoa mwaka 1845. Mabruda Wamaristi walifungua shule Apia mwaka 1888, na mwaka 1920 wakaanzisha raga. Kriketi iliingia kwa njia ya Waingereza, na Wasamoa wakaigeuza kuwa kilikiti, mchezo wao wa taifa." Hakuna Askofu atakayekasirika, na mwenzako wa historia atakosa la kuchekea.

Haya, tuingie karakana. Gongo la kilikiti (la kupigia, Mwalimu, si lile la kunywa) halina uso bapa mmoja kama la kriketi. Lina pande tatu, na umbo lake limetokana na rungu la vita la Kisamoa. Ni refu, mita moja na zaidi, linaanza jembamba mkononi na kunenepa kuelekea ncha, na mpini husokotwa kamba ya nyuzi za kumbi la nazi. Watu wa pwani kwetu wanaifahamu kamba hiyo: ni ya usumba.

Kwa wanafunzi wa sekondari mwambie fundi achonge urefu wa sentimita 95, yaani mpini 35 na mwili 60. Mwili uwe pembetatu yenye pande sawa za sentimita 7 kwenye sehemu nene. Mti wa inchi 3 kwa 3 unatosha. Ukiwa wa mgrivea mkavu, gongo litakuja na uzito wa karibu kilo moja, pungufu kidogo ya gongo la kriketi la mtu mzima. Msiende kwenye pande za sentimita 9 kwa kufuata picha za watu wazima: uzito hupanda hadi kilo 1.4 au zaidi, mtoto huzungusha akashindwa kulisimamisha, na gongo humtoka.

Kati ya mbao zako mbili ningechukua mgrivea kwa magongo na kuacha paini kwa vijiti vya wiketi, vile vinavyosimikwa nyuma ya mpigaji ili mrushaji avilenge. Paini ni nyepesi lakini hupasuka kwa urefu inapopigwa ukingoni, na gongo hili lina kingo tatu. Kagua nyuzi za mbao: ziende sambamba toka mwanzo hadi mwisho wa mti, bila jicho (alama ya tawi), hasa kwenye sentimita 50 za kuanzia mpini. Mbao mbichi ikatae hata ukipewa bure. Ikikaukia ndani ya gongo itafungua ufa usiouona chini ya kamba.

Kosa ambalo mafundi hulifanya mara nyingi ni begani, pale mpini unapokutana na mwili. Wakikata ngazi kali, nguvu yote ya pigo inajikusanya kwenye kona hiyo, na mwili wa gongo huruka kama kombora huku mtoto akibaki na mpini. Bega lishuke taratibu katika urefu wa sentimita 10 hadi 12, kwa randa na tupa, si kwa msumeno. Mpini na mwili viwe mti mmoja, bila kuunga wala kupigilia. Kingo zote tatu zizungushwe kiasi cha nusu sentimita, zipigwe msasa, kisha mafuta ya kitani mara mbili. Mpini uwe na kipenyo cha sentimita 3.5. Kamba ya unene wa milimita 4 itakula mita 9 hadi 10 kuufunika kwa sentimita 30. Anzeni chini, kila mzunguko ukibana mwenzake, na mwisho uchomekwe ndani ya mizunguko sita ya mwisho kisha uvutwe. Msimalizie kwa fundo la juu, litachubua viganja. Usumba ukikosekana, katani inafaa. Nailoni haifai kabisa, ikilowa jasho inateleza.

Mpira wa asili ni wa raba ngumu iliyosukwa kwa majani ya jamii ya mkadi, na wachezaji huudaka mikono mitupu, miguu bila kinga. Msiufuate. Mpira wa kipenyo cha sentimita 7 uliofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli peke yake hukaribia uzito wa mpira wa kriketi, gramu 160 hivi, na ukimpata mtoto jichoni hakuna maombi. Tumieni mpira wa tenisi, ambao hauzidi gramu 60. Kama mnataka wanafunzi wautengeneze wenyewe, fungeni kitambaa na sponji kwa uzi hadi kipenyo cha sentimita 5.5, kisha tyubu iliyokatwa upana wa sentimita moja, zungusha kila upande hadi ufike 7. Upimeni dukani kwenye mizani: ukizidi gramu 100, fumueni.

Sasa kwa nini hizo pande tatu? Gongo la kriketi likigeuka kidogo, uso wake bado unatazama mbele. La kilikiti likisimama ukingo mbele, kila uso wa mbele umelala kwa nyuzi 30 kutoka njia ya mpira. Mpira ukigusa uso huo hauendi mbele. Hukwepa, ukaruka pembeni au nyuma ya mpigaji, na hata yeye hajui ni upande upi. Huko ndiko kuna utamu wa mchezo, na huko ndiko kuna hatari yake. Walimu huwapanga watazamaji nyuma ya mpigaji kwa kudhani ni salama, kumbe ndipo mpira unapokimbilia. Waweke angalau mita 30 mbali, au nyuma ya wavu wa goli. Mdakaji wa nyuma asimame mita 4 kutoka kwenye wiketi, na asiwepo mtu mwingine ndani ya mita 10 kumzunguka mpigaji.

Uwanja wa mpira wa miguu unatosha. Chomeka wiketi mbili katikati, umbali wa mita 18, pakiwa pamekauka na kushindiliwa. Samoa mara nyingi hurusha juu ya ukanda wa zege. Gawa watu 20 kwa 20. Kila timu inayozuia ina warushaji wawili na wadakaji wawili, mmoja kila upande, na mipira hurushwa kwa zamu, huu kutoka mwisho huu, unaofuata kutoka mwisho ule. Hakuna kungoja mipira sita kutoka mwisho mmoja kama katika kriketi. Kasi hiyo ndiyo inayoufanya uchangamke. Mpigaji hutoka akiangushiwa wiketi, mpira wake ukidakwa hewani, au akikutwa njiani akikimbia toka wiketi moja hadi nyingine. Pointi za mpira uliovuka mpaka kubalianeni kabla. Vijiji navyo hutofautiana, na neno la mwenyeji ndilo sheria. Kwa saa mbili, ipe kila timu dakika 50. Ukipata mipira miwili kwa dakika, hiyo ni mipira 100 kwa wapigaji 20, wastani wa mitano kila mmoja. Asiyetoka baada ya mipira 10 ampishe mwenzake, la sivyo mabingwa wawili watakula muda wote.

Usisahau nyimbo. Timu inayozuia huimba na kupiga makofi kwa mpangilio, ikiwa na kiongozi wake, na mpira ukidakwa wote hucheza papo hapo. Wachezaji huvaa kitambaa kilichofungwa kiunoni, nanyi mna vikoi na kanga, shida iko wapi? Lakini pafungwe mafundo imara, na kaptula iwe ndani. Kitu ambacho ningekuomba msikifanye ni kuchora miili kwa wino kuigiza chale za pe'a, wala kuigiza siva tau, ngoma ya vita ya timu ya taifa, kwa kubahatisha maneno. Pe'a huchorwa kwa maumivu ya siku nyingi na ina heshima yake katika ukoo. Imbeni nyimbo zenu. Wasamoa wenyewe walifanya hivyohivyo na kriketi ya Waingereza.

Penye mambo mawili usitegemee maandishi yangu. Kama mtataka kuonyesha pia raga yenye kukabana, mtafuteni kocha aliyefunzwa aje kuwafundisha kukaba mkiwa naye uwanjani. Shingo ya mtoto haijifunzwi kwenye karatasi. Na mwanafunzi yeyote aliyepigwa kichwani, kwa gongo au kwa mpira, atoke nje siku hiyo asirudi hata akiapa kuwa mzima. Akitapika, akisinzia, akichanganya maneno au kichwa kikizidi kumuuma, mpelekeni hospitali palepale, na mzazi aelezwe amwangalie kwa siku mbili zinazofuata. Muuguzi au mtu wa huduma ya kwanza awepo uwanjani kabla ya mpira wa kwanza. Kuhusu historia, mabruda wa Champagnat wana nyumba Kenya na Tanzania, na chuo chao kikuu kipo Nairobi. Bruda mmoja akija kuzungumza nusu saa na wanafunzi atafaa kuliko mabango matatu.

Seremala asichonge magongo yote kwa mkupuo. Achonge moja, mpe kijana mwenye nguvu kuliko wote apige mipira 50 ya tenisi, kisha mfungue kamba mtazame bega kwa mwanga wa jua. Likiwa halina hata unywele wa ufa, achonge mengine matano.